Printa ya wino wa kifurushi: inachapa vizuri, ila wino si wako

Kwa kuchapa, printa hii sina neno nayo. Nafundisha masomo ya ziada, kwa hiyo nachapa mazoezi na mitihani ya majaribio. Herufi zake ni nyeusi tii, hazichafui vidole, na michoro ya jometri inatoka safi hata ile ya mistari myembamba. Katriji mpya (kikasha cha wino kinachoingizwa ndani ya printa) hufika kabla ya ya zamani kwisha, maana printa yenyewe huiarifu kampuni kupitia intaneti. Hapo wanastahili sifa.

Kinachonikera ni kifurushi. Hulipii wino, unalipia idadi ya kurasa kwa mwezi. Ukurasa wenye mstari mmoja unahesabiwa sawa na ukurasa uliojaa picha ya rangi pembe hadi pembe. Anayechapa picha anapata unafuu wa kweli, na huyo ningemshauri ajiunge. Sisi wa maandishi meusi ndio tunaombebea gharama. Msimu wa mitihani napita kikomo nakatwa nyongeza. Shule zikifungwa naendelea kulipia kurasa nisizochapa.

Nikaamua kusitisha. Kitufe chenyewe kimefichwa mbali, na kila hatua unaulizwa kama una uhakika. (Ujerumani tangu Julai 2022 sheria inataka tovuti zinazouza mikataba ya aina hii ziweke kitufe cha kusitisha kinachoonekana waziwazi. Natamani iwe hivyo kila mahali.) Muda niliolipia ulipokwisha, printa ikaandika kwenye kioo chake kwamba katriji haiwezi kutumika. Nikaitoa, nikaipima mkononi: nzito, wino tele. Nikairudisha, ikakataliwa tena. Masharti yanasema katriji ni mali ya kampuni, na kwa hilo hawakunidanganya. Lakini kuona wino umo ndani na huruhusiwi kuutumia kunauma.

Wengi hudhani katriji ni ghali kwa sababu wino ni ghali kutengeneza. Bei haipangwi na gharama peke yake. Ukishanunua printa umefungwa na katriji zake, na kuhama maana yake ni kununua printa nyingine. Ndiyo maana kampuni inaweza kuiuza printa kwa bei ya chini, faida ikaitafuta kwenye wino. Kifurushi kimeongeza jambo moja juu ya hapo: fedha inaingia uchape usichape.

Dhana nyingine ni kwamba malipo madogo ya kila mwezi lazima yawe nafuu. Mwaka 2006 wanauchumi Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier walichapisha utafiti wa kumbi tatu za mazoezi nchini Marekani. Wanachama waliochagua mkataba wa zaidi ya dola 70 kwa mwezi walihudhuria wastani wa mara 4.3 tu kwa mwezi, na kila mara ikawagharimu zaidi ya dola 17. Palikuwa na kadi ya kuingia mara 10, ambayo ingewatoza dola 10 kila mara. Watu walilipia mazoezi waliyokusudia kufanya, si waliyofanya.

Na kuna mwalimu mwenzangu ambaye mwisho wa mwezi huchapa chochote ili "asipoteze" kurasa alizolipia. Fedha ya mwezi huo imeshakwenda, karatasi hazimrudishii hata senti. Anachoongeza ni gharama ya karatasi zenyewe, ambazo hazimo kwenye kifurushi.

Printa naipa nyota nne, kifurushi nyota mbili. Kabla hujajiunga, chukua malipo ya mwaka mzima uyagawe kwa kurasa ulizochapa kweli mwaka uliopita, si unazotarajia. Kama kazi yako ni maandishi na inapanda na kushuka kama yangu, tafuta printa ya tangi, ile unayoijaza wino wa chupa mwenyewe. Bei yake ya kuanzia iko juu, lakini wino ukishaumimina ni wako.