Thames au Great Ouse: Oxford na Cambridge mwaka 2021

Korona ilifuta mbio za mashua za makasia kati ya vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge, Uingereza, mwaka 2020. Mwaka uliofuata zikahamishwa kutoka Thames, London, hadi mto Great Ouse karibu na mji wa Ely. Si korona peke yake: Daraja la Hammersmith, kwenye njia ya Thames, lilikuwa na nyufa, na kupita chini yake kulizuiwa.

Thames, toka Putney hadi Mortlake, ni kilomita 6.8 hivi, na hukimbiwa maji yakijaa. Mto unapinda, hivyo aliye ndani ya kona anafaidi, na washika usukani hugombea mkondo wenye kasi hadi makasia kugongana. Ndiyo maana kura ya kuchagua upande ni nzito. Kingoni, watu hufurika.

Njia ya Great Ouse ni kama kilomita 4.9, karibu mstari mnyoofu, maji hayajai wala kupwa. Watazamaji walikatazwa. Kwangu, huko hushindana misuli. Kwenye Thames hushindana pia ujanja, nami napenda ujanja.

Cambridge, ambao hufanya mazoezi Ely, walishinda mbio zote mbili, za wanaume na za wanawake. Wenyeji walibebwa? Labda, ila mwaka 1944, wakati wa vita, timu hizo mbili zilikimbia mto huohuo, na walioshinda ni Oxford.