Wakala wa ajira: muda wanaokuokolea na ule wanaokuachia

Mhasibu wetu alitoa notisi, na ofisi yenyewe ni ndogo, hakuna wa kukaa kuchambua CV kutwa nzima, nikaona bora nichukue wakala wa ajira. Tangazo lao linasema wanakupatia mtu ndani ya wiki mbili. Wiki mbili bana, nani atakataa?

Sasa ukija kuzichunguza hizo wiki mbili, wanahesabu kuanzia siku muombaji anaingia kwenye orodha yao mpaka siku unampa ofa. Zile siku mnazokaa ndani mnabishana mnataka mtu wa aina gani hazimo, wala zinazofuata baada ya ofa hazimo, na mtu mzuri mara nyingi yuko kazini sehemu nyingine, ana notisi yake ya mwezi, kwahiyo hata akisaini leo kwako anaripoti mwezi ujao.

Ila mchujo wao nisiwanyime haki yao, ni mzuri. Yalikuja majina machache, wote wana sifa tulizoandika, hamna wale wanaotuma CV kwenye kila tangazo linalopita. Intavyu walipanga wao. Kwa wadhamini, wale watu muombaji anaowataja waulizwe habari zake, ndo nilichoka, ripoti yao ilisema "mwadilifu na mchapakazi" kwa wote, neno kwa neno, ikabidi nipige simu mwenyewe. Bosi wa zamani wa mmoja nikamuuliza, ungemrudisha kazini? Akanyamaza weee, mwisho akasema labda kwa kazi nyingine. Simu ya dakika chache tu hiyo.

Waliobaki wawili nikawapa taarifa ya benki na daftari la malipo waoanishe mbele yangu. Mmoja kabla hata hajashika kalamu akauliza hundi ambazo hazijapita benki ni zipi, maana hizo ziko kwenye daftari ila benki bado haijazikata, mwenzake bado anatafuta kalkuleta. Hapo sikuhitaji maswali mengine.

Halafu mtu anaripoti ndo muda wenyewe unaanza kuliwa, mfumo wa hesabu, nani anasaini nini, mteja gani lazima umkumbushe deni kila mwezi, asubuhi zote nakaa naye na kazi zangu nazifanya usiku. Wakala hapo humuoni, ukiona simu yao wanaulizia malipo yao.

Kitu kingine, wana dhamana ya miezi mitatu, mtu akiondoka wanakuletea mwingine bure. Nzuri, ila soma mkataba, inaanza kuhesabiwa siku ya kusaini ofa na sio siku ya kuripoti, yaani mwezi mzima wa notisi unakatwa humo humo mtu hata hajakanyaga ofisini!

Nyota tatu. Nitawatumia tena kwa mchujo, wadhamini nitapiga mwenyewe, na hiyo dhamana nimewaandikia ianze siku mtu anaporipoti, bado hawajajibu.