Bweni la Mabibo au chumba cha kupanga Changanyikeni

Mwanafunzi aliyeoa, aliyetoka Kigoma kusoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, huvutiwa kwanza na bweni la Mabibo, kwa kuwa huko hakuna mwenye nyumba wa kumdai kodi ya miezi 6 kwa mkupuo. Hata hivyo, mkewe hawezi kuishi humo, na ndoa hubaki kuwa ya simu, ikizungumzwa kwa sauti ya chini koridoni wenzake wakiwa wamelala. Chumba cha kupanga Changanyikeni, mtaa ulio karibu na chuo, humaliza mapema bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo wa mwanafunzi, lakini jioni kuna jiko la mkaa barazani, maharage ya nazi na mtu wa kumuuliza ameshindaje. Mimi ningechagua chumba, hata kisicho na dari, ilimradi kodi ilipwe siku ileile bumu linapoingia.