Kalkuleta ya sayansi niliyochukua Makoroboi, nimeijaribu na 1234567890

Wazazi wenye watoto PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) njooni hapa. Nimemchukulia binti yangu kalkuleta ya sayansi Makoroboi, hapa Mwanza, kwa elfu arobaini na tano, inatumia sola na betri. Ya kwanza niliyonunua kwingine ilikuwa feki, mwezi haujaisha maandishi ya kwenye kioo yakaanza kufifia, kwaiyo safari hii nikamwambia muuzaji mi sitoi hela mpaka niijaribu, akanifungulia boksi bila kununa.

Nikapiga 1234567890, sawa sawa na, SHIFT, halafu kile kitufe cha digrii na dakika ambacho juu yake kuna FACT, yaani kuivunja namba kuwa vigawo tasa, ikaleta 2 × 3² × 5 × (13717421). Hayo ya mwanzo hata kwa kichwa unayapata, inaishia na sifuri kwaiyo 10 inaingia, ukijumlisha tarakimu zake unapata 45 kwaiyo na 9 inaingia, 90 hiyo tayari. Ila mabano ndo yakanikalia kichwani. Muuzaji akasema hiyo iliyobaki itakuwa namba tasa. Nilivyosoma karatasi ya maelekezo kumbe mashine inatafuta vigawo tasa mpaka vya tarakimu tatu basi, kikibaki kikubwa ambacho haijakichunguza inakifungia kwenye mabano. Naipendea hapo hapo, haikudanganyi kwamba imemaliza.

Tunasubiri feri ya Kamanga binti akasema baba lete. Akatafuta kipeuo cha pili cha 13717421, ikaja 3703 na pointi, akapanda juu kidogo, 3704 mara 3704 toa ile namba inabaki 2195, kipeuo hakitoki kamili, akaenda 3705, ikabaki 9604, akapiga kelele watu wakageuka, maana 9604 ni 98 mara 98!! Basi ile namba ni mraba wa 3705 toa mraba wa 98, na tofauti ya miraba inavunjika hivi: 3705 toa 98, mara 3705 jumlisha 98, ni 3607 × 3803, na zote mbili ni tasa. Majaribio mawili tu. Njia yenyewe ni ya Fermat, Mfaransa wa karne ya 17, inakimbia pale vigawo viwili vikiwa vimekaribiana, vikiachana sana utakesha.

Na huyo huyo Fermat aliamini 4294967297 ni tasa, mpaka Euler mwaka 1732 akaonyesha 641 inaigawa. Tukaipiga: 641 × (6700417). Sasa hii ya kwenye mabano ni tasa kweli, kwaiyo msimwambie mtoto mabano maana yake siyo tasa, maana yake mashine imeishia hapo, malizia wewe.

Kasoro ni mfuniko, unabana mno, na maelekezo yote ni Kiingereza kwa maandishi madogo sana. Mengine safi. Ukienda omba wakufungulie boksi, upige hizo namba mbili pale pale kaunta kabla ya kulipa.