Darasa la mapishi kwa wastaafu wa jeshi: kisu alichonyang'anywa mwenzangu

Kijana alimnyang'anya mzee mwenzetu kisu mbele ya darasa zima. Naanza na hilo maana ndilo lililonikaa rohoni mpaka leo.

Ni darasa la mapishi ya afya kwa wastaafu wa jeshi, maeneo ya Mwenge, kila Jumamosi. Binti yangu ndiye aliyenipeleka, sukari iliponipanda. Jeshini tulipiga ugali na maharage, kisha mbio na gwaride vinaumaliza. Siku hizi mbio hakuna, tonge ni lile lile. Na niseme ukweli, mwanzoni walitufundisha vizuri sana. Dada wa lishe alimimina chumvi kijiko kimoja cha chai kwenye sahani nyeupe. "Baba zangu, hii ni kama gramu 5. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe hii kwa siku nzima." Nikaduwaa. Mimi hiyo ilikuwa ya sufuria moja ya mchicha, na mezani naongeza! Akatuonyesha ndimu na tangawizi zinavyoziba pengo la chumvi, na kwamba hata dona linapandisha sukari ukilijaza sahani.

Sasa juzi juzi dada hakuwepo, akaja huyo kijana. Shikamoo hakutoa. Mwenzangu huyu tuliingia naye Kampala Aprili 1979, na mkono wa kushoto umebaki na vidole vitatu. Kitunguu anakibana kwa kiganja, anakata polepole, vipande vinatoka vinene lakini vinatoka. Kijana akamsimamia: "Mzee kaa pembeni, unatuchelewesha." Akachukua kisu, akamalizia yeye kwa haraka haraka. Mzee akajifuta kiganja kwenye aproni, akakaa. Hakusema neno.

Mkewe alishatangulia mbele za haki, anaishi peke yake Tegeta. Akirudi nyumbani nani atamkatia kitunguu? Si ndiyo maana alikuja? Nilipomfuata msimamizi akanijibu eti ratiba ilibana. Ratiba! Kwani tumekuja kuwatazama wao wakipika?

Nilitaka kuwaambia wastaafu wenzangu msikanyage pale. Lakini sukari yangu ya asubuhi ilikuwa 11, sasa inacheza kwenye 7, kwa dawa na kwa mapishi yale, siwezi kulificha hilo. Basi nendeni, ila ulizeni kwanza kama dada yupo. Hapana, kadiri ninavyoandika hasira inapanda: msiende mpaka wamfuate mzee yule wamwombe radhi, tena mbele ya darasa lile lile.

Jumamosi iliyopita sikwenda. Nilipanda daladala ya Tegeta na vitunguu, nyanya na fungu la matembele. Vitunguu alikata yeye vyote. Tulikula saa tisa.