Kinga ya meno ya usiku: miezi mitano naivaa, mchana taya likawa bado linauma

Mume wangu ndiye aliyenishtua kwamba nasaga meno usingizini. Nikaenda kliniki ya meno hapa Dar es Salaam, wakaning'atisha ule ujiuji mzito wa kuchukulia umbo la meno, kisha nikapewa kinga ya plastiki ngumu ya kuvaa meno ya juu.

Kwa usiku, naisifu. Ukiielekeza kwenye mwanga unaona mikwaruzo upande wa kulia, palepale ambapo jino langu lilikuwa linalika.

Lakini ikifika saa 8 mchana, maumivu yanaanzia mbele ya sikio na kupanda hadi kwenye panja. Nilidhani ni sikio, nikatia matone bure. Niliporudi kliniki waliikwangua kinga kidogo, basi. Hakuna aliyeniuliza mchana nashinda nikifanya nini, na hilo linaniudhi mpaka leo, kwa sababu jibu lilikuwa hapo.

Mimi ni fundi cherehani. Pini nazishika kwa meno, uzi naukata kwa meno, na nikishona zipu nakaza taya bila kujua. Daktari mwingine wa meno ndiye aliyeniuliza. Aliniwekea vidole vyangu mwenyewe mashavuni, akaniambia niume meno: msuli ukatuna, mgumu kama kokwa la embe. Akanieleza kwamba meno ya juu na ya chini hayatakiwi kugusana ila unapotafuna au kumeza. Midomo ifungwe, meno yaachane, ulimi utulie kaakaani nyuma ya meno ya mbele. Kinga inazuia meno yasilike. Taya unalolikaza ukiwa macho haiwezi kulilegeza.

Sasa nimefunga kitambaa chekundu kwenye cherehani. Kila nikikiona, naachanisha meno. Pini nimezishonea mto wake, na kimkasi cha uzi nakining'iniza shingoni. Jioni nakanda mashavu kwa taulo la maji ya moto. Bigijii nimeacha kabisa, na mahindi ya kuchoma nimeyaweka kando kwanza, ingawa nayapenda mno.

Hii ni wiki ya sita. Nikipiga mwayo taya bado linaalika, ila haliumi tena, na saa 8 inapita sina habari nayo. Kinga naivaa kila usiku. Asubuhi naisugua kwa mswaki na maji ya baridi, maana ya moto huipindisha.