CVT au otomatiki ya gia: ukinunua gari, ipi uiweke mbele?

Kwa nje huwezi kuzitofautisha giaboksi hizi mbili: CVT, isiyo na gia za hatua kwa hatua, na otomatiki ya kawaida yenye gia. Zote zina pedali mbili na P, R, N na D, na muuzaji atakuambia tu kwamba gari ni "auto". Ukweli unajitokeza ukishakanyaga mafuta.

Otomatiki ya kawaida ina gia zinazohesabika: nne, sita, nane. Raundi za injini zinapanda, gia inaingia, zinashuka, kisha zinaanza kupanda upya. CVT haina ngazi hizo. Ndani yake mna puli mbili zinazotanuka na kubana, na kati yake mkanda wa chuma (Subaru hutumia mnyororo), hivyo uwiano kati ya mzunguko wa injini na wa magurudumu hubadilika bila kukatika. Wazo lenyewe ni la zamani. DAF ya Uholanzi ilionyesha gari la namna hii mwaka 1958, enzi hizo mkanda ukiwa wa mpira.

Kwenye foleni na mwendo wa pole, CVT ni raha tupu: hakuna mshtuko wa gia, na injini hukaa kwenye raundi za chini, jambo linalookoa mafuta. Lakini ikanyage kwa nguvu ili ulipite lori. Raundi zinaruka hadi elfu nne au tano na kubaki hapo, injini inalia, na unahisi gari limebaki nyuma ya kelele zake. Wengi hudhani kuna kitu kinateleza. Hakuna. Kompyuta imechagua raundi ambazo injini ina nguvu zaidi, na mara nyingi mshale wa spidi unapanda vizuri kuliko sikio linavyoamini. Malalamiko yalikuwa mengi kiasi kwamba watengenezaji kadhaa wameweka ngazi za kuigiza ili dereva asikie "gia" zikiingia. Mimi naona ni kichekesho, ila zinasaidia.

Mteremkoni mambo hugeuka. Otomatiki ya gia ukiishusha hadi ya tatu au ya pili, injini inalishika gari na breki zinapumua. CVT nyingi zikiachwa kwenye D hulishika kwa ulegevu, kwa hiyo jifunze kutumia S, L au B (nafasi za kwenye gia lever zinazoifanya injini ilishike gari zaidi) mapema, kabla breki hazijapata moto.

Sasa mpangilio wangu, kwa mtu anayenunua gari lililotumika na anayetaka kukaa nalo.

Ya kwanza ni otomatiki ya gia sita au zaidi. Inabeba mzigo, inapanda milima mirefu bila kuchoka, na mafundi wanaoielewa ni wengi zaidi. Zile za gia nne ni ngumu kufa, ila barabara kuu zinapiga kelele na kula mafuta. Tena, mlimani huweza kuhangaika kati ya gia mbili bila kuamua.

Ya pili ni ile ya magari ya haibridi kama Toyota Prius, inayoitwa e-CVT. Jina linapotosha, kwa sababu haina mkanda wala puli: ni seti ya gia za meno inayounganisha injini na mota mbili za umeme. Ukikanyaga sana italia kama CVT, lakini vitu vinavyochakaa ni vichache mno. Kama safari zako nyingi ni za mjini, ipandishe iwe ya kwanza. Wasiwasi wako uhamie kwenye betri.

Ya tatu ni CVT ya mkanda ya miaka ya karibuni. Toyota, kwa mfano, imeongeza kwenye baadhi ya CVT zake gia halisi ya kuondokea, na gari huanza mwendo bila ule uvivu. Ni chaguo zuri kwa gari dogo lisilovuta tela.

Ya mwisho ni CVT ya zamani isiyo na kumbukumbu za matengenezo. Nissan yenyewe, kwa magari yake ya CVT ya 2003 hadi 2010 nchini Marekani, ilirefusha udhamini wa giaboksi hadi miaka 10 au maili 120,000. Kampuni haifanyi hivyo bila sababu. Giaboksi za klachi mbili (otomatiki ambamo klachi mbili hupokezana gia) sizipangi hapa. Kwenye foleni ya kusogeasogea, zile za klachi kavu, zisizopozwa na oili, hupata joto sana.

Kuhusu oili: CVT inataka oili yake maalumu, ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Ukiijaza ya otomatiki ya kawaida, mkanda unaweza kuteleza na kukwaruza puli, na hapo mara nyingi dawa ni kubadilisha giaboksi nzima. Muuzaji akisema "oili hii haibadilishwi maisha yote", muulize maisha ya nani.

Siku ya kulijaribu gari, omba ulikute injini ikiwa baridi. Toa P, weka R, kisha D, usikilize kama inachelewa kushika. Endesha polepole, ukikanyaga kidogo sana, uone kama linatetemeka. Kisha tafuta kilima na uendeshe mpaka lipate joto kamili, kwa maana CVT iliyochoka huweza kuwa na adabu dakika kumi za mwanzo, halafu ianze kuvuma au kupoteza nguvu. Muuzaji akikataa safari hiyo ya kilima, tafuta gari lingine.